Kadi ya tyuna na dishi ukiwa Kisumu au Nakuru: LNB igeuzwe

Kadi ya tyuna, ile inayoiwezesha kompyuta kupokea TV ya setilaiti kupitia dishi, ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachokwamisha watu wengi huku kwetu ni kwamba maelekezo yanayokuja ndani ya boksi yameandikiwa mtu wa Ulaya, ambako dishi hutazama kusini na LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, hukazwa soketi yake ya kebo ikielekea chini. Sisi tuko kwenye ikweta. Kisumu iko kusini ya mstari huo kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii, Nakuru kwa sehemu tatu, na barabara ya Kisumu kwenda Busia inaukata mstari wenyewe pale Maseno. Setilaiti za matangazo nazo zimekaa juu ya mstari huohuo, kilomita 35,786 angani. Kwa hiyo kwetu zimejipanga kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka mashariki hadi magharibi, ikipita juu ya utosi. Hakuna ya kutafutwa kusini wala kaskazini.

Nianze na kadi, maana hapo hapana mengi. Kadi za DVB-S pekee, yaani mfumo wa kwanza wa TV ya kidijitali ya setilaiti, kama ile TechniSat SkyStar 2 ya sloti ya PCI, bado utazikuta kwenye mitumba ya kompyuta. Ziache. Haziwezi kusoma DVB-S2, mfumo uliofuata, na chaneli nyingi za HD ziko huko. Isitoshe, kompyuta mpya za mezani hazina tena ile PCI ya zamani. Tafuta kadi ya DVB-S2 ya PCI Express, kama TeVii S470 yenye tyuna moja au TBS 6902 yenye tyuna mbili. Kwa laputopu kuna za USB, kama TBS 5927, ambazo huja na adapta yake ya umeme kwa sababu USB peke yake haiwezi kuilisha LNB. Usichanganye hizi na kadi za DVB-T2. Hizo ni za antena ya kawaida, kwa mawimbi ya minara ya hapa nchini tangu Kenya ilipozima analogi mwaka 2015. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba kadi tupu hufungua chaneli za bure tu. Zilizofungwa utaziona kwenye orodha lakini hazitatoa picha bila kadi halali ya mwenye huduma na kifaa cha kuisomea.

Sasa dishi. La sentimita 80 au 90 la mawimbi ya Ku, yale ya masafa ya juu yanayotosheka na dishi dogo, linatosha, na yaliyotumika hupatikana kwa urahisi kwa sababu kila anayebadilisha dekoda huacha dishi kwenye paa. Likague kabla ya kulipa: vuta uzi kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, kisha mwingine kutoka kushoto hadi kulia. Nyuzi zikutane katikati zikigusana. Zikiachana, dishi limepinda na hakuna kadi itakayoliponya. Mawimbi ya C, ya masafa ya chini zaidi, yanataka dishi la mita 1.8 kwenda juu.

Kwa mtu wa Kisumu, pembe kutoka upeo wa macho ni hizi. Setilaiti ya digrii 7 Mashariki (yaani iliyo juu ya longitudo hiyo), ambako Azam iko, ni digrii 58 upande wa magharibi. Amos-17, iliyorushwa mwaka 2019 na kuwekwa digrii 17 Mashariki, ni 69, pia magharibi. Kituo cha digrii 36 Mashariki, kile cha DStv, ni zaidi ya 88, yaani karibu wima kabisa. Intelsat 20, iliyo digrii 68.5 Mashariki, ni 51 upande wa mashariki. Nakuru iko mashariki zaidi kwa digrii moja na kitu, kwa hiyo ya 7 inashuka hadi 56, ya 68.5 inapanda hadi 52, na ile ya 36 inakaa juu ya kichwa hasa.

Madishi madogo haya hayatazami pale uso wake unapoelekea. Mwale huingia kwa pembe juu ya uso, na pembe hiyo unaweza kuipata mwenyewe: pima upana wa dishi, pima urefu wake, gawanya upana kwa urefu, kisha tafuta kosaini kinyume kwenye kikokotoo cha simu. Dishi la sentimita 80 kwa 88 linatoa digrii 24.6. Ukitaka digrii 58, uso wa dishi ulale nyuma digrii 33 hivi kutoka wima. Weka ubao ulionyooka kwenye kingo za dishi, juu yake weka simu yenye programu ya kupimia mteremko, na usome. Namba zilizogongwa kwenye bano la nyuma nazichukulia kuwa makisio tu, kwa sababu ni sahihi pale tu paipu inaposimama wima. Hakikisha kwa pima maji pande mbili za paipu kabla saruji haijakauka.

Usahihi huo unahitajika. Dishi la sentimita 90 kwenye masafa ya gigahezi 12 lina mwale wenye upana wa digrii 2 hivi, kwa hiyo ukikosea digrii 1 umepoteza nusu ya nguvu. Dira nayo hudanganywa na mabati na nondo. Simama mita kadhaa mbali na jengo, chagua mti au mnara ulio magharibi hasa, kisha rudi ulielekeze dishi kwenye alama hiyo.

Tuje kwenye LNB, maana hapa ndipo siku nzima hupotea. Setilaiti hutuma kwa polariti mbili, yaani pande mbili za kutetemeka kwa wimbi: H (mlalo) na V (wima). Kwa setilaiti nyingi, H ni wimbi linalotetemeka sambamba na ikweta, yaani mashariki-magharibi. Mtu wa Ulaya anayetazama kusini huona mstari huo umelala, kwa hiyo H kwake ni mlalo kweli. Wewe wa Kisumu ukitazama magharibi, mstari wa mashariki-magharibi unatoka kwako na kwenda mbele hadi angani. Mbele ya dishi lako wimbi hilo limesimama. H imekuwa V, na V imekuwa H.

Matokeo yake yanachanganya: kompyuta inaonyesha nguvu nzuri ya mawimbi, ila kila unachoandika kutoka kwenye orodha ya masafa hakishiki. Fundi anahangaika na dishi ambalo liko sawa tayari. Dawa ni kulegeza bano la LNB na kuizungusha digrii 90, soketi ya kebo ielekee ubavuni badala ya chini. Kushoto au kulia ni sawa. Kisha isogeze digrii chache huku na huku ukiangalia ubora, na ukaze pale unapopata kilele.

Unaweza kuiacha LNB wima na badala yake uandike V kila palipo H. Chaneli zitashika. Tatizo ni kwamba programu kama Tvheadend husoma orodha ya masafa inayotumwa na setilaiti yenyewe, ikaongeza masafa mapya kwa polariti halisi, na hayo yote yatafeli. Zungusha LNB.

Setilaiti ya digrii 36 ina mambo yake. Kwa kuwa iko utosini, dishi unaweza kulisimamisha likielekea upande wowote wa uwanja na bado mwale ukapanda juu, ila kila ukigeuza dishi, LNB nayo lazima igeuzwe ili H irudi kwenye mstari wa mashariki-magharibi. Mabano mengi hayafiki pembe hiyo. Wengine huinamisha paipu yenyewe. Na dishi la mviringo kamili la mawimbi ya C likitazama juu hivyo ni beseni: mvua moja ya Kisumu hulijaza. Toboa matundu mawili matatu ya milimita 5 sehemu ya chini kabisa, upake rangi ya kuzuia kutu pembeni ya matundu.

Kebo iwe RG-6 ya omu 75, na konekta za F za kubana au za kuzungusha. Waya mmoja mwembamba wa wavu wa nje ukigusa ule wa kati, umepiga shoti kwenye njia inayobeba volti 13 hadi 18 kutoka kwenye kadi, na sehemu inayolisha LNB huungua. Ndiyo maana kebo huchomekwa au kuchomolewa kompyuta ikiwa imezimwa na waya wake kutolewa ukutani. Volti hizo pia ndizo zinazochagua polariti: 13 ni V, 18 ni H. Kebo ya bei rahisi yenye chuma kilichopakwa shaba hupoteza volti njiani, 18 ikafika ikiwa chini ya mpaka wa kubadilishia ulio karibu na 15.5, na LNB ikabaki kwenye V. Ukiona chaneli za V zote zipo na za H zote hazipo, pima volti mwisho wa kebo, LNB ikiwa inavuta umeme, kabla ya kugusa dishi.

LNB ya kawaida ya Ku hupunguza masafa kwa 9750 chini ya megahezi 11700 na kwa 10600 juu yake, ikibadilishwa na toni ya 22 kHz kutoka kwenye kadi. Ile ya C hutumia 5150. Ukichagua aina isiyo sahihi kwenye programu, hutapata chochote hata dishi liwe kamili. Kwa mawimbi ya C yenye polariti ya mzunguko, ongeza kipande cha tefloni ndani ya mdomo wa LNB, kikae digrii 45 kati ya sindano zake mbili zinazopokea mawimbi.

Upande wa kompyuta, kwenye Linux anza na `dmesg | grep -i dvb`. Ukiona ujumbe wa fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi) wenye `error -2`, faili halipo. Liweke ndani ya `/lib/firmware`, zima kompyuta kabisa, uwashe upya. Kadi ikiwa tayari utaona `/dev/dvb/adapter0/frontend0`. Andika faili fupi lenye masafa machache ya setilaiti yako (kwa kilohezi, na kasi ya alama, ile "symbol rate" ya kwenye orodha, kwa alama moja moja kwa sekunde, yaani 27500 iandikwe 27500000), kisha endesha `dvbv5-scan -l UNIVERSAL -o chaneli.conf faili.conf`. Ninaloliamini kwa matumizi ya kila siku ni Tvheadend: unaifungua kwenye kivinjari kwa mlango 9981, unachagua aina ya LNB, na nyumba nzima inatazama kupitia waifai kwa VLC au Kodi. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa ukirekodi. Kwenye Windows weka draiva ya kadi kwanza, kisha ProgDVB au DVBViewer.

Usiridhike kwa sababu picha imetokea. Angalia desibeli za ubora. DVB-S2 ya 8PSK (namna ya kubebesha data kwenye wimbi) yenye FEC (sehemu iliyo data halisi, inayobaki ni ya kusahihisha makosa) ya 3/4 inahitaji karibu 7.9, ya 2/3 karibu 6.6. Ukiwa na 8.5 mchana wenye jua, mvua ya alasiri kutoka ziwani itakukatia taarifa ya habari. Tafuta angalau desibeli 3 au 4 za ziada. Ukishindwa, nunua dishi kubwa zaidi, si kikuza mawimbi, maana kikuza hukuza na kelele.

Radi za huku, kuanzia Kisii hadi Kakamega, si za kupuuzwa. Paipu ya dishi iunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyopigwa ardhini, na wavu wa kebo uunganishwe hapohapo kabla ya kuingia nyumbani. Hata hivyo ngurumo zikianza, zima kompyuta na uchomoe kebo na waya wa umeme.

Karibu na Machi 20 na Septemba 23 jua hupita nyuma ya setilaiti zenyewe, na picha hukatika dakika chache kwa siku kadhaa. Usifungue chochote kwa spana. Siku hizo ni nafuu kwa anayesimamisha dishi jipya: Kisumu mwezi Machi jua hufika mahali pa digrii 68.5 kama saa nne na dakika kumi asubuhi, pa digrii 36 karibu saa saba kasoro dakika kumi na nane mchana, na pa digrii 7 karibu saa tisa alasiri. Septemba ni robo saa mapema. Dishi likiwa sawa, mng'ao wa jua utakusanyika juu ya mdomo wa LNB wakati huohuo.