Shangazi kauliza hilo kaburi la nani

Voisi ya shangazi haifiki hata nusu dakika lakini nimeshaisikiliza mpaka najua pale anapovuta pumzi na pale jogoo wa kwao anapoingilia. Leo natoka kazini nikaiweka tena kwenye basi, afu nikajikuta namjibu kwa sauti, mama wa watu niliyekaa naye akasogeza mkoba wake upande wa dirishani.

Ilikuwa hivi. Ijumaa tulienda Petra, ule mji wa kale wa Jordan uliochongwa kwenye miamba, mimi na wale wawili wa ofisini mnaowajua, Mkenya na yule wa uhasibu. Nikapiga ile picha ambayo kila mtu anaipiga, umesimama gizani kwenye ufa wa mwamba na mbele yako jengo linawaka jua, nikaitupia kwenye grupu la ukoo. Mabinamu wakamwaga makopakopa. Shangazi akaandika, herufi kubwa tupu kama kawaida yake, PAZURI. NANI ANAISHI HAPO?

Nikamwambia haishi mtu shangazi, ni kaburi.

LA NANI?

Na mimi mwongozaji alikuwa ndo ametoka kutueleza, kichwa kimejaa, nikaandika wataalamu wengi wanaona ni la mfalme Areta wa nne wa Wanabatea, hao waliochonga Petra, kafa mwaka 40 hivi baada ya Kristo. Kimya. Afu: ARETA SI NDO YULE LIWALI WAKE ALILINDA DAMESKI AMKAMATE PAULO MPAKA WAKAMSHUSHA KWA KAPU? NA UMELIPA KIINGILIO? Nikajibu dinari 50. Mdogo wangu bila kuombwa na mtu akapiga hesabu hapohapo grupuni, karibu laki mbili, asante sana dogo. Ndo nikaona shangazi anarekodi.

"Haya mama. Umetembea vizuri, umeona kaburi la mfalme. Na baba yako yupo kwenye tuta."

Basi. Hakupandisha sauti. Angegomba ningegombana naye, tumeanza kugombana nikiwa darasa la tatu na huwa tunapatana kabla chai haijapoa. Ila alivyosema ilikuwa kama mtu anayekupa taarifa kwamba ng'ombe kazaa.

Mliokuwa humu tangu msiba mnajua habari za kile kikao cha kujengea kaburi la baba, vigae au tarazo, kaka mkubwa anataka na kipaa cha bati juu kama la mzee jirani, na hela yangu mimi iko kwake tangu Pasaka. Iko kwake! Sasa tuta naambiwa mimi kwanini? Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika lingine refu lenye tarehe za miamala nikafuta na hilo. Wiki hii mkataba umeongezwa mwaka mmoja, bosi kaaga na keki, tumehamishiwa ghorofa ya juu, na yote hayo yamepita mimi bado naunda sentensi ya kumjibu shangazi yangu aliyeko Rombo.

Na kinachoniuma zaidi nadhani ni kwamba kaburi lenyewe wala silo lililonikaa. Ni njia ya kwendea.

Kutoka getini unashuka kwanza juani, farasi kibao, wanakwambia farasi yumo kwenye tiketi na ni kweli yumo, bakshishi ndo haimo. Mimi nilitembea. Unafika kwenye ukuta wa kugeuza mafuriko, maana 1963 maji yalishuka ghafla kwenye hilo korongo yakaua watalii zaidi ya 20, unaelezwa hivyo afu ndo unaambiwa karibu ndani. Korongo wanaliita Siq. Kilomita moja na ushee, kuta zinapanda mpaka mita 80, kuna mahali njia inabana mpaka mita tatu hivi, na ubaridi unakupokea ghafla wakati nje ulikuwa unaungua. Mwamba una wekundu na njano na zambarau, madini ya chuma hayo. Kila baada ya muda honi, vigari vya umeme vinapita na wazee na wavivu, unajibana ukutani. Pana mahali wamechonga msafara wa ngamia, umelika wote juu, imebaki miguu, ya ngamia na ya mwenye ngamia. Ubani na manemane vilipita humo kutoka kusini kabisa mwa Arabuni, na Wanabatea wakatajirika kwa kuwatoza watu njia.

Sasa pembeni, mwendo wote, kuna mfereji. Umechongwa kwenye mwamba wenyewe, unateremka na wewe kona kwa kona. Upande wa pili walipitisha mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vimechomekana, maji ya kunywa kutoka chemchemi ya Musa kule juu. Mteremko wameulegeza kwa makusudi ili maji yasikimbie yakapasua bomba. Miaka elfu mbili iliyopita, jangwani!

Baba alikuwa mzee wa mfereji, nilishawahi kuandika. Jembe begani, daftari la zamu za maji mfukoni, na kesi za nani kafungulia usiku shamba la kwake. Nikachutama pale kwenye maungio ya bomba, wenzangu wakapotelea kwenye kona, na nikaanza kucheka peke yangu maana nilimwona kabisa. Baba kaburi la Areta asingelifikia. Mpaka geti linafungwa angekuwa kwenye mita mia za kwanza anauliza tope walikuwa wanalitoaje na faini ilikuwa kiasi gani kwa asiyekuja kusafisha.

Kaburi lenyewe ni kubwa, sawa, karibu mita 40 kwenda juu, nguzo, ua, na juu kabisa chungu cha mawe chenye matundu ya risasi kwa sababu Mabedui waliamini Farao kaficha mali humo. Ni jiwe tupu. Ndani huruhusiwi kuingia. Mwaka 2024 walichimba chini yake wakakuta mifupa ya watu 12, na majina yao hakuna anayeyajua. Ukiendelea mbele ni makaburi tu, mamia, yamechongwa milimani, wakati nyumba za waliokuwa hai nyingi ziliporomoka, tetemeko la mwaka 363 nalo likasaidia. Yaani Wanabatea na shangazi wangekaa kikao kimoja cha ukoo na kuelewana kabla ya saa sita. Hata yule msafiri Mswisi Burckhardt, mwaka 1812, alipita humo kwa kujifanya Mwislamu anayekwenda kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Haruni, lile jeupe linaloonekana kileleni kwa mbali. Kila mtu huko anakwenda makaburini, mimi tu ndo nasemwa.

Jana usiku nikaacha kuandika majibu nikamtumia shangazi picha ya mfereji, bila neno.

Akajibu haraka. NANI ANAUSAFISHA?

Nikapiga simu. Tumeongea mpaka salio lake la moyo likajaa, kwamba banio la mfereji wa kwetu limeziba tangu masika, vijana wanataka kulipwa kwanza, faini ya baba siku hizi hakuna anayeiogopa, na migomba ya upande wa chini inakauka huku maji yanapotea bondeni. Akanitaka nimweleze tena zile bomba zilichomekanaje. Tuta hakulitaja na mimi sikulitaja. Voisi sijaifuta.

Mchana mwalimu wa mwanangu Junior kaniandikia kwamba siku hizi anahama dawati kwenda mbele bila ruhusa na ubao anausoma kakunja uso. Bibi yake anasema ni utundu. Sijui nani atampeleka hospitali ya KCMC kabla shule hazijafungwa, na kama ni miwani, huyo mtoto namjua, ataikalia wiki ya kwanza.