Nilivyopima umaarufu wa wanasayansi kwa ajili ya fremu sita

Hela iliyobaki kwenye bajeti ya maabara ilitosha fremu sita tu. Mimi nafundisha fizikia, nikapewa kazi ya kuchagua wanasayansi maarufu wa kutundika ukutani, nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kesho yake ofisi ya walimu iligawanyika. Madam wa biolojia alimtaka Mary Leakey, aliyegundua fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai mwaka 1959. Mwalimu wa kemia akasema kama Marie Curie hayumo, nyundo yake haitoki stoo. Nikajitutumua: "Basi tupime. Nitaleta takwimu."

Sikuwa wa kwanza kuota ndoto hiyo. Mwaka 2011 John Bohannon na Adrian Veres walichapisha kwenye jarida la Science orodha iliyotokana na vitabu vilivyoskaniwa na Google. Kipimo chao walikiita milidarwini. Walitafuta jina la Charles Darwin hutajwa kwa kiasi gani kila mwaka, kwa wastani, kwenye vitabu vya Kiingereza, kuanzia alipofikisha miaka 30 hadi mwaka 2000, wakagawa kwa elfu; sehemu moja ya hizo ndiyo milidarwini moja. Kwa hiyo Darwin mwenyewe ana 1,000. Aliyeongoza ni Bertrand Russell, kwenye 1,500 hivi, na Einstein hakumfikia hata Darwin.

"Russell ndiye nani?" akauliza mwalimu wa kemia.

Swali la haki kabisa. Russell alikuwa mwanahisabati, lakini aliandika falsafa, akapinga vita hadi akafungwa, akapewa Nobel ya fasihi mwaka 1950. Kompyuta inahesabu jina, haiulizi limetajwa kwa lipi.

Usiku nikafungua Ngram Viewer, chombo cha Google kinachohesabu maneno kwenye vitabu hivyo, kwenye simu nijaribu mwenyewe, bando likiwa mkiani. Ukiandika Darwin peke yake, unazoa na mji wa Darwin wa Australia. Newton ni mtu, ni kizio cha kani, na ni miji kibao. Ukisema uandike jina kamili, Marie Curie anapunjika, maana vitabu vingi vya zamani vilimwita Madame Curie. Ikabidi nizitafute zote mbili na kuzijumlisha. Albert Einstein naye anapigwa jeki na chuo cha udaktari cha New York kilichopewa jina lake. Na Kiswahili hakimo kabisa kwenye lugha za kuchagua. Hapo kalamu nikaiweka chini kidogo.

Nikahamia kwenye kipimo cha h, kile cha makala za mtafiti na zinavyonukuliwa, kinachowanyima usingizi wahadhiri. Alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Nikamjaribu Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba, ambaye moyoni nilishampa fremu kabla ya kupima chochote (takwimu nilizileta kwa wenzangu, si kwangu).

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba Sekondari. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa zinaisha, akayaweka ya moto vilevile, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka, lakini Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika Physics Education. Kwa makala moja, h haiwezi kuzidi 1, hata inukuliwe mara elfu. Ila mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hilo linaloitwa kwa jina lake, yalikuja majibu zaidi ya 22,000. Hilo kipimo cha h hakilioni.

Mwisho nikaamua kupima pale pale fremu zitakapokaa. Niligawa vikaratasi kidato cha kwanza: andika wanasayansi unaowajua, usiangalie kwa jirani. Newton na Einstein walijaa. Galileo, Darwin na Curie wakafuata kwa mbali. Mmoja aliandika jina langu, nikalifuta nikiwa na majonzi. Mpemba hakuwepo kwenye hata karatasi moja, na nilipomtaja, kijana wa dawati la nyuma akauliza, "Sir, Mpemba yupi? Yule wa duka la kona?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Lakini orodha yangu ilipatikana hapo: watano wakapita kwa kura za vikaratasi, na ya sita nikampa asiyejulikana na watoto wa nchi yake. Nilipoulizwa ofisini hiyo ni takwimu gani, nikasimulia la duka la kona, na nyundo ikatoka stoo.

Picha yake niliyoipata ilikuwa ndogo, ukiikuza inakuwa ukungu mtupu. Nikaandika kwa mkono: Erasto Mpemba, Kidato cha Tatu, 1963. Madam wa biolojia alinunua fremu ya saba kwa hela yake, akamtundika Mary Leakey juu ya mlango, mahali ambapo lazima umwone ukitoka.