Git na msaidizi wa nywila: hatimaye wanaambiana

Ndugu zangu waandishi wa programu hapa Bukavu, hili limenifurahisha kweli. Seva ikikataa ombi kwa jibu la 401, huandika kwenye kichwa cha WWW-Authenticate inataka utambulishwe kwa njia gani. Zamani Git, programu inayotunza historia ya msimbo, haikuyafikisha maneno hayo: msaidizi wa nywila, yaani programu ndogo inayoipatia Git jina na nywila, alipewa protokali na jina la seva, mengine akisie. Tangu toleo la 2.41, la Juni 2023, anapokea pia mistari kama hii:

wwwauth[]=Bearer realm="kazi"
wwwauth[]=Basic realm="kazi"

Mpangilio ni uleule wa seva. Pale Ibanda, kompyuta moja tunaitumia wengi, kwa hiyo msaidizi wetu ni skripti fupi ya sheli: akiona Bearer, anatafuta tokeni (neno la siri linalotumika badala ya nywila) ya aliyeketi, akiona Basic peke yake, anatoa jina na nywila. Kumrudishia Git tokeni ya Bearer kwa mstari wa authtype, unaotaja aina ya utambulisho, kuliwezekana baadaye, toleo la 2.46, Julai 2024.

Na wanaoweka nywila ndani ya anwani ya hazina ya msimbo, nawasihi waache. Inabaki wazi kwenye faili la .git/config, na kila anayeketi baada yako anaisoma.