Kufuli la Hyrax Hill

Jumamosi shemeji alitupeleka Hyrax Hill (yaani Kilima cha Pimbi), eneo la mabaki ya kale hapa nje kidogo ya mji wa Nakuru, akatugawa makundi mawili na kutupatia bahasha za mchezo wa kusaka hazina. Ndani: "Shamba langu ni la mawe, silimi, lakini navuna kete."

Mimi na mtoto wa dada, miaka 9, tulizunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Nikasema ni mashimo ya pimbi.

"Anti, pimbi anavuna kete gani?"

Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyeliona bao, limechongwa kwenye mwamba wenyewe! Safu za vishimo, vingine laini hadi kidole kinateleza. Watu wa kale walikaa hapo wakicheza, na sisi na simu zetu tumesimama tunashangaa.

Karatasi ya pili ilikuwa chini ya jiwe kando yake, imelowa chapachapa. (Shemeji, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, sawa, lakini hata chupa ya jemu ulikosa?) Tuliambulia maneno mawili: "ziwa" na "juu". Basi tukapanda. Zamani sana maji ya Ziwa Nakuru yalifika chini ya kilima hiki. Siku hizi unaliona kwa mbali, linametameta.

Kileleni kundi la pili walikuwa wanahangaika na kisanduku chenye kufuli la namba. Mtoto akakumbuka Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyechimba hapa, na mwaka alioanza. 1937. Kufuli likafunguka.

Hazina? Mandazi sita. Tulikuwa watu wanane.