Rochelle, Illinois: treni ya mizigo isikilize kwanza

Wengi wakifika Rochelle hukimbilia kutoa kamera. Picha ni nzuri, lakini makutano haya ya reli humpa zaidi mwenye masikio.

Mji wenyewe ni mdogo, kama kilomita 120 magharibi mwa Chicago. Reli ya kampuni ya Union Pacific iendayo Iowa na Nebraska hukatana hapo na ya kampuni ya BNSF iendayo Minnesota, zote zikiwa usawa mmoja, bila daraja. Kila kampuni ina njia mbili. Zinakatana mara nne, na kila zinapokatana kuna pembe nne za chuma kwa chuma, jumla 16. Bustani ya watazamaji treni, yenye banda, iko jirani kabisa.

Kwenye kila pembe umeachwa mwanya ili ukingo wa gurudumu upite. Gurudumu hudondokea mwanyani na kugonga upande wa pili, na behewa lililojaa linaweza kuwa na uzito wa tani 130. Kwa hiyo vipande hivyo hutengenezwa kwa chuma chenye manganizi, ambacho huzidi kukomaa kinapogongwa. Hata hivyo boliti hulegea, kokoto husagika, maji yakituama huwa tope, na reli huanza kudunda. Kokoto zilizopauka na reli inayozama kila ekseli (mhimili wa jozi ya magurudumu) ipitapo ni dalili kwamba matengenezo yanahitajika.

Sasa sikiliza mabehewa. Likitokea moja linalogonga pa-pa-pa hata likishavuka makutano, gurudumu lake lina sehemu bapa: breki ilikwama, likaburuzwa bila kuzunguka.

Njoo pia na redio ya kupokea tu, ya megahezi 160 hadi 162. Kando ya reli kuna vipimajoto vya beringi za magurudumu, na baadhi yake hutaja redioni idadi ya ekseli. Tuseme umesikia 458, na mbele kuna injini tatu zenye ekseli sita kila moja. Toa 18, gawanya kwa nne, maana behewa la kawaida lina ekseli nne: mabehewa 110. Hesabu hii inafaa kwa makaa ya mawe au nafaka. Kwa makontena itakudanganya, kwa sababu mabehewa mengi ya makontena huunganishwa matano matano na kuchangia magurudumu: seti nzima ina ekseli 12, si 20.

Mkiani tazama kama kuna injini inayosukuma. Isipokuwepo, utaona kisanduku chenye taa nyekundu inayomweka. Hicho humtumia dereva kwa redio kipimo cha hewa ya breki.

Kisanduku kikishapita, usivuke barabara upesi. Subiri mpaka uione njia ya pili wazi pande zote mbili, maana behewa la mwisho huficha treni inayokuja kutoka upande wa pili na kelele za treni inayoondoka huimeza honi ya hiyo inayokuja.