Amélie na majirani zake wa Château Rouge

Jana usiku nimeitazama tena Amélie, filamu ya Jean-Pierre Jeunet ya mwaka 2001, na bado naipenda. Naipenda kwa macho ya Audrey Tautou, kwa muziki wa Yann Tiersen, kwa jinsi yule mhudumu wa mkahawa anavyowatendea watu wema kwa siri huku mwenyewe akiogopa kupendwa.

Ila wilaya ya 18 ya Paris naijua. Mkahawa wa Amélie, Café des Deux Moulins, upo kweli, barabara ya Lepic. Ukitoka hapo kwa miguu kuelekea mashariki, si muda unafika Barbès, kisha Château Rouge, ambako utapata mihogo, sombe, samaki wakavu, mawese, na vitenge vimetundikwa hadi mlangoni. Watu wa huko ni wakazi wa wilaya moja na Amélie.

Kisa chenyewe kinaanzia mwishoni mwa Agosti 1997. Amélie anasikia kwenye televisheni habari za kifo cha Diana, kifuniko cha manukato kinamponyoka, na maisha yake yanabadilika. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 23 Agosti 1996, polisi walivunja kwa mashoka mlango wa kanisa la Saint-Bernard, katika wilaya hiyohiyo, wakawatoa wahamiaji wapatao 300 wasio na vibali, wengi wao Wamali na Wasenegali. Siidai filamu ya mapenzi ituhubirie habari za vibali. Nauliza tu, katika mwaka mmoja watu hao walikwenda wapi?

Kinachoniuma zaidi ni pale Amélie anapomshika mkono mzee kipofu na kumpitisha mtaani mbiombio, akimsimulia kila anachokiona: duka la nyama na bei zake, harufu ya jibini, mtoto anayemtazama mbwa anayewatazama kuku. Mzee anaachwa penye kituo cha metro, uso umemng'aa. Nami machozi hunilengalenga kila mara. Lakini katika masimulizi yale yote sisi Waafrika hatumo, na msimulizi ni Amélie, ambaye kipaji chake ni kuona wasiyoyaona wengine!

Mwaka huohuo wa 2001 filamu ilipotoka, mhakiki Serge Kaganski aliliuliza swali hili katika gazeti la Libération, akafika hadi kusema filamu hii ingemfaa Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia aliyepinga wahamiaji, kwa kampeni. Hapo alizidisha. Jeunet hakutengeneza filamu ya chuki. Alitaka Paris ya picha za zamani, akafuta michoro ya kutani, akasafisha mitaa. Tatizo ni kwamba usafi huo uliwakumba na watu.

Watetezi wakajibu: mbona Jamel Debbouze yumo? Yumo, na ni hodari. Wazazi wake ni Wamoroko, naye amekulia Trappes, mji wa pembezoni mwa Paris. Humu anaitwa Lucien, kijana wa duka la mboga, mpole hata kwa mboga zenyewe, anayedhalilishwa na bosi wake Collignon mbele ya wateja. Amélie anamlipizia kisasi kwa kuingia nyumbani kwa bosi na kumvuruga akili, na mimi hushangilia. Hata hivyo Lucien ni wa kuonewa na kutetewa tu. Georgette muuza sigara, anayejiona mgonjwa kila siku, anatafutiwa mpenzi. Lucien hatafutiwi mtu.

Mwaka 2006 Debbouze na wenzake wanne walipewa kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes, kwa filamu ya Indigènes, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Humo anaitwa Saïd. Mwenzake Messaoud anapendana na mwanamke Mfaransa, na barua zao zinazuiwa na wakaguzi wa jeshi. Kisa cha namna hiyo ningependa kukiona kikianzia kwenye meza za Deux Moulins, na safari hii barua zifike.