Kamera ya Mtumba, Pasi ya Mama, na Kinachokufa Kwanza

Watu wakishajua kwamba wikendi napiga picha za harusi na ruracio (sherehe za mahari), swali huwa lile lile: "Mama Imani, ninunue kamera gani?" Mimi huwauliza kwanza kama wamewahi kufungua pasi. Wengine hudhani nawatania. Lakini kununua kamera ya mtumba nilijifunzia kwenye meza ya jikoni hapa Umoja, Nairobi, nikiwa na bisibisi na vyombo ambavyo mafundi walishasema vitupwe. Ukivifungua vya kutosha unaona kwamba chombo hakifi chote kwa mpigo. Kuna kipande kinachotangulia, na mara nyingi kipande hicho kinajulikana, kina bei, na kinapatikana Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi. Ukikijua, ukisimama mbele ya muuzaji unajua unacholipia.

Nianze na pasi basi, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Mama ana pasi nzito ya zamani, kavu, isiyo na habari za mvuke, ya wati 1,000, na hataki kusikia kuhusu nyingine. Hizi nyepesi za siku hizi anasema ni za kubembeleza nguo. Ilipokataa kupata moto, fundi wa kwao alimwambia imeungua ndani, anunue mpya. Nikaja nayo Nairobi.

Pasi ikinyamaza, anzia mbali ufuate stima inavyosafiri. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13 ndani yake, na ajabu ni kwamba watu huanza kubomoa chombo kizima kabla ya kuifungua hiyo plagi. Ikiwa nzima, nenda shingoni, pale kebo inapoingia kwenye mkono wa pasi. Hapo hukunjwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika moja moja huku mpira wa nje ukionekana mzima kabisa. Ya mama haikuwa na neno hapo. Nikaenda kwenye waya wa joto. Hesabu yake ni nyepesi: volti 240 mara 240, gawanya kwa wati 1,000, unapata omu 57.6. Multimita, kile kipimo cha umeme, ikanipa 58. Waya ulikuwa mzima kabisa, na ndio fundi aliosema umeungua.

Kilichokufa ni fyuzi ya joto. Ni kidude kidogo cha chuma kilichovikwa soksi nyeupe ya nyuzi za kioo, na kwenye mwili wake kimeandikwa ampea 10 na nyuzi joto 240. Hicho hukata mara moja tu maishani, hakirudi. Kazi yake ni kulinda nyumba siku ambayo themostati, ile swichi inayokata na kurudisha moto, itashindwa kukata yenyewe. Kwa hivyo ukikikuta kimekata, kuna swali la pili unalopaswa kuuliza: kilikata kwa nini? Nikaifungua themostati. Ncha zake mbili zilikuwa zimepata masizi na kugandana, moto ukawa unapanda bila breki. Nikazitenganisha, nikazisugua kwa msasa laini, nikazungusha kitufe mbele na nyuma huku nikipima: inapitisha, inakata, inapitisha, inakata. Hapo ndipo nilipojua kwamba fyuzi mpya haitakufa wiki ijayo.

Mafundi wengi mtaani wanachofanya ni kuiruka hiyo fyuzi. "Nimekuungia dairekti, madam." Pasi inawaka, mteja anashukuru, pesa inatumwa kwa M-Pesa. Nimefungua pasi za majirani nikakuta kipande cha waya wa kawaida mahali ambapo fyuzi ilipaswa kukaa. Pasi ya namna hiyo ikisahauliwa juu ya kitanda, hakuna kitakachoizuia. Na wanaoirudisha fyuzi wengine huichomelea kwa solda, jambo ambalo halina maana hata kidogo. Solda ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi, na sahani ya pasi ikiwekwa kwenye alama ya pamba hupita hapo. Kiungo chako kitaanza kutiririka humo ndani. Fyuzi ya joto hubanwa kwa kola ndogo ya chuma, kwa koleo, kisha unairudishia soksi yake. Mwisho, pima kutoka pini ndefu ya plagi, ile ya ardhi, hadi kwenye sahani. Isiposoma, usiitumie.

Kuinunua hiyo fyuzi kulikuwa kituko chake. Luthuli, tangu wapanue njia ya wapita kwa miguu mwaka wa 2019, angalau unaweza kusimama kwenye kaunta bila kusukumwa na makonda. Nikamwambia kijana wa dukani, "Nipe fyuzi ya joto, nyuzi 240, ampea 10, na kola zake." Akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Bwana ndiye amekutuma, siste?"

"Bwana anangoja nguo zipigwe pasi."

Akacheka, akanitolea kiboksi chote nichague. Siku hizi nikiingia ananiita fundi, na bei inashuka bila mimi kusema.

Blenda sitaiongelea sana. Inayonuka moshi na kuzimazima mara nyingi imeishiwa kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi kugusa mota inayozunguka. Vimeumbwa viishe. Unanunua vya saizi ile ile, unavipunguza kidogo kwa msasa vikigoma kuingia, basi. Kule juu kinachotangulia ni mpira wa kuzuia maji chini ya visu. Ukiona maji yanatiririka kuelekea mota, acha kusaga nyanya mara moja. Friji nayo, kinachoiua hapa kwetu ni stima kupotea na kurudi papo hapo. Kompresa ikilazimishwa kuwaka kabla presha ya gesi haijatulia huhangaika, inapata moto, na relei yake, swichi ndogo ya kuiwashia, inaungua. Ndiyo sababu ya ile friji gadi inayokaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu stima ipite. Nunua moja, uache kulalamika.

Mikrowevu sifungui. Jirani yangu wa ghorofa ya pili hunung'unika kwamba ninamringia, lakini humo ndani kuna kapasita inayobeba volti zaidi ya 2,000, na inaweza kuzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Sina kifaa cha kuitoa chaji kwa usalama na sitaki kujifunza kwa kidole. Flashi ya kamera iko kwenye orodha hiyo hiyo: kapasita yake huchajiwa hadi karibu volti 300 kutoka kwa betri ndogo tu. Umbo lake la kitoto lisikudanganye.

Sasa kamera.

Soko limehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), na wapiga picha wa mjini wanauza zile za kioo (DSLR) ili wapande ngazi. Kwa mtu anayeanza, huu ni msimu wa mavuno. Mimi nilikuwa nikiiwinda Nikon D90, na nina sababu zangu. Ilitoka mwaka wa 2008, ina megapikseli 12.3, ambazo zinatosha kuchapisha picha ya kutundika ukutani, na ndiyo kamera ya kwanza ya aina yake kurekodi video, ingawa video yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilichotaka ni mota ya kufokasi iliyo ndani ya mwili wa kamera. Ndugu zake wadogo, D3000 na D5000, hawana. Bila mota hiyo, lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D zitakaa tu kwenye kamera na wewe uzungushe kwa mkono huku bibi harusi akipita. Ukiwa na mota hiyo, lenzi za bei nafuu zinakuwa hazina. Muuzaji akikwambia "lenzi zote za Nikon zinaingia," zote si kweli, lakini nyingi huingia. Muulize kama zitafokasi.

Kijana aliyekuwa akiuza tulikubaliana tukutane mkahawani katikati ya mji, mchana, mezani karibu na dirisha. Sikutani na mtu ngazini, wala situmi pesa ya "kushikilia". Alikuja na kamera ndani ya mfuko wa karatasi.

"Madam, hii haijasumbuliwa. Ilikuwa ya mzungu."

Jijini hapa kila kitu kilikuwa cha mzungu: magari, sofa, sasa na kamera. Nikamwambia sawa, tumwangalie huyo mzungu alivyoishi nayo.

Katika kamera ya kioo, kipande kinachotembea zaidi ni shata, pazia linalofunguka na kujifunga kila ukipiga picha. Ya D90 ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 100,000. Haimaanishi kwamba itakufa ukifika hapo, zingine hupita mbali, lakini ni kama kusoma kilomita za gari kabla ya kuuliza bei. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha. Nilipiga moja, nikaitoa kwenye kadi, nikaifungua kwenye laptopu kwa programu ya bure ya kusoma data ya picha. Ikasoma elfu themanini na kitu. Mzungu alikuwa na kazi nyingi! Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo ndani ya picha, kwa hivyo huko itabidi utumie programu nyingine iliyounganishwa na kamera kwa kebo, au usome uchakavu kwa macho.

Na macho yanasoma mengi. Mpira wa pale kidole gumba kinapokaa, kwenye Nikon za miaka ile, huvimba na kubanduka kwa jasho na mafuta ya mkono. Wake ulikuwa umebanduliwa ukabandikwa tena. Gundi ilionekana ukingoni. Sina shida na hilo, hata mimi ningeubandika. Nikapiga dari jeupe kwa f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo sana, ili vumbi la sensa, kile kipande kinachopokea picha, lijitokeze, likajitokeza kama madoadoa kona ya juu, ya kupulizwa tu. Nikapandisha flashi, nikafokasi kwenye mlango, kwenye kikombe, kwenye mlango tena. Mota ilikuwa inakoroma, lakini za hivyo hukoroma.

Lenzi aliyokuja nayo ndiyo iliyonikalisha. Mbele ilikuwa safi, imepanguswa ikang'aa. Nikafungua tundu lake lote, nikawasha tochi ya simu nyuma yake na kuangalia kwa upande. Ndani, karibu na ukingo, kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika. Kuvu. Kuvu huota lenzi ikikaa mahali penye unyevu na giza, na ikiachwa sana hula rangi ya kinga iliyo juu ya kioo. Hapo hata ukiisafisha, alama hubaki. Nikamuuliza lenzi imekaa wapi.

"Mombasa kidogo. Kwa binamu yangu."

Mzungu akapotea ghafla. Nikamrudishia lenzi, nikamwambia nataka mwili pekee. Alikuwa ameanza na 25,000 kwa vyote viwili. Nikamwonyesha hesabu ya shata, mpira, na kuvu, bila kumlaumu, maana sidhani alikuwa anajua. Kijana mwenyewe alishangaa, akaomba nimwonyeshe tena namna ya kumulika. Tukaongea, tukanyamaza, akapiga simu kwa mtu, tukaongea tena. Tukaachana kwa 15,000, kamera, chaja na betri mbili.

Hizo betri nazo zina hadithi. D90 ina ukurasa kwenye menyu unaosema betri imezeeka kiasi gani, kutoka 0, mpya, hadi 4, ya kutupwa. Wauzaji wengi hawaujui. Betri ya kwanza ilisoma 1. Ya pili ilisoma 4, ikiwa na chaji tele, inang'aa kama nzuri. Nilipomwonyesha, akasema niichukue tu bure. Nikakataa kuihesabu kwenye bei, kisha nikaichukua. Nitaifungua nione. La, betri ya lithiamu siifungui, hiyo nayo iko kwenye kundi la mikrowevu. Nitaipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Kwa sasa kadi ninazotumia ni za GB 32, kwa sababu kamera hii ilitengenezwa kwa kadi za aina ya SDHC, na GB 32 ndiyo mwisho wake. Dukani watakusukumia ya GB 64 wakisema ni bei karibu sawa. Lenzi bado natafuta: 50mm f/1.8D, au 35mm, hata ikiwa na mikwaruzo kwenye mwili. Aliye nayo aniandikie hapa chini, aseme imekaa mji gani, na kabla hajataja bei apige picha ya kioo kikimulikwa tochi kutoka nyuma.